Muswada wa Kwanza wa Colby Rasch

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi, na ufupi wake ndio uliomchukiza Arlys Nygaard. Wabunge wakitaka kufanya jema huandika masharti mpaka wino uwakaukie. Wakitaka kufanya unyama, karatasi chache zinatosha. Ulisema hivi: mtu yeyote atakayempa lifti, chumba au chakula mtu asiye na kibali cha kuishi nchini, amefanya kosa la jinai na atafungwa. Jirani atakayemchongea mtu huyo atapewa zawadi kutoka hazina ya jimbo. Na kwa kuwa walioutunga hawakuwa na haya hata chembe, waliuita Muswada wa Jirani Mwema.

Arlys alikuwa naibu spika wa bunge la jimbo letu, na mbunge wa chama kile kile kilichouleta muswada. Alikuwa mjane wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Halvor, kaskazini kabisa, ambako wakati wa baridi theluji huzika nyua mpaka ng'ombe wanatembea juu ya uzio. Zizi sasa lilikuwa mikononi mwa mwanawe, Wade. Mke wa Wade ni Nohemi, ambaye aliletwa nchini angali mtoto wa kubebwa. Kasoma shule ya Halvor, kaimba kwaya ya Kilutheri ya Halvor, kazaa watoto wake Halvor, na kibali hana mpaka leo. Mawakili wamekula wakashiba, kibali hakijaja. Muswada ukipita, Wade angekuwa mhalifu kila jioni anapokaa meza moja na mkewe. Hilo Arlys hakuhitaji kufafanuliwa na mwanasheria.

Msidhani kwamba yeye na mkwewe walikuwa chanda na pete. Miaka miwili nyuma bunge lilipitisha sheria ya kuwanyang'anya leseni za udereva watu wa hali ya Nohemi, na Arlys aliipigia kura ya ndiyo pamoja na chama chake, akisema ni jambo dogo. Tangu siku hiyo Nohemi hakushika usukani, na tangu siku hiyo Arlys akienda kwa mwanawe aliwekewa kahawa katika kikombe cha wageni. Salamu zilikuwepo. Zaidi ya salamu, hakuna.

Safari hii alisimama. Kamati ilipoujadili muswada, alikwenda kwenye kipaza sauti kama raia wa kawaida, mahali ambapo kila msemaji hupewa dakika zake na taa ndogo ya kumhesabia. Hakusoma popote. Aliwakumbusha kwamba Halvor tufani ya theluji ikipiga, mtu akikutwa mtaroni haulizwi ametoka wapi. Mlango wa gari hufunguliwa kwanza, jina litaulizwa akishaacha kutetemeka.

"Mnataka nimuulize mtu aliyeganda meno kama ana karatasi, ndipo nifungue mlango," alisema. "Aliyeandika hii hajawahi kukwama barabarani. Au alikwama, akamsahau aliyemvuta."

Taa ikawaka nyekundu, mwenyekiti akakata kipaza sauti, na muswada ukapita kwenda bungeni kwa kura za wenzake wote wa chama waliokuwa kwenye kamati.

Kesho yake alikuta juu ya dawati lake chupa ya kunyonyeshea mtoto imejazwa maziwa, na kibandiko: Kwa Mama wa Wageni. Hakuna aliyejitaja. Alimwaga maziwa kwenye chungu cha maua, akaisimamisha chupa tupu pale pale mbele yake ili kila apitaye aione. Kwenye mgahawa wa bunge, alipokaa, wenzake waliinuka. Mbunge mwenzake Galen Stroud, ambaye Arlys alimkimbiza hospitali mwaka moyo wake ulipogoma, alikigeuza kiti chake akawa anakula akitazama ukuta. Watu wa aina hii huwa hawakosi ibada hata Jumapili moja.

Sasa niwaeleze ujanja wa spika, maana bila huo hamtaelewa yaliyotokea. Spika alikuwa Burdette Kolb, mfanyabiashara wa mbegu, mtu wa maneno matamu na moyo wa barafu. Kolb alijua kuwa ndani ya chama chake mwenyewe wamo wanaosita. Wafugaji walinong'ona kwamba bila wakamuaji wasio na vibali watamwaga maziwa. Wengine wachungaji wa makanisa yao waliwapigia simu. Walikuwa wachache, lakini wakijumlishwa na wapinzani, wangetosha kuuangusha muswada. Kolb hakubishana nao. Aliuchukua muswada akamkabidhi Colby Rasch awe ndiye mwenye kuuwasilisha.

Colby alikuwa mbunge mpya, suti yake bado inanukia duka. Na bunge letu lina desturi ya tangu enzi za mababu: muswada wa kwanza wa mbunge mpya hauanguki. Kwanza wanamtania. Wanamuuliza maswali ya kipuuzi, halafu kura ikiitwa wote wanabonyeza kitufe cha hapana, ubao mkubwa ukutani unajaa taa nyekundu, na mgeni anabadilika rangi. Hapo husimama akawaomba kwa unyenyekevu, wanacheka mpaka machozi, wanageuza kura zao kuwa kijani, wanapiga makofi na kula pai alizooka mama yake. Wapinzani nao hushiriki, maana hata wao waliwahi kuwa wageni. Nani atamharibia kijana siku yake? Ndivyo unyama ulivyovishwa kilemba cha desturi, na wale waliosita wakashusha pumzi kwa kupata kisingizio.

Arlys alimkuta Colby ukumbini, ameshika kahawa. Alimfahamu tangu anatambaa. Akina Rasch ni majirani zake wa upande wa pili wa mto.

"Umeusoma, Colby?"

"Nimesoma muhtasari, Bi Arlys. Na spika kanieleza."

"Baba yako alimvuta mume wangu Orrin mtaroni, ule mwaka wa tufani kubwa. Alimuuliza karatasi?"

"Si alikuwa Orrin? Kila mtu alimjua Orrin."

"Alikuwa amefunikwa theluji mpaka nyusi. Baba yako alimjua alipomfikisha jikoni kwenu."

Kijana alizungusha kahawa yake. Alisema sheria haiwalengi watu kama wao, sherifu ana akili, atajua nani ni nani. Arlys akamwambia kuwa Nohemi alikaa naye darasa moja, akimwachia anakili hesabu zake.

"Nohemi ni tofauti."

"Basi liandike jina lake humo. Andika, isipokuwa Nohemi."

Colby aliiva uso mzima. Kwa kitambo Arlys alidhani amemgusa. Kisha kijana akakaza shingo. "Bi Arlys, kama unataka kuniharibia, sema tu. Mama yangu ameshaoka pai."

Arlys alimwacha pale. Aliona kwamba aliyekuwa akizungumza naye si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana mbaya ungejua pa kumshika.

Siku ya muswada ilikuwa siku ya mwisho kwa bunge kupeleka miswada yake Seneti, baraza la pili la jimbo. Ikifika saa sita mchana, usiopita umekufa mwaka huo, na Kolb kwa makusudi aliuweka wa mwisho kabisa ili usipate mjadala mrefu. Arlys alikuwa amejiandaa kuzungumza. Kura hakuwa nazo, lakini mdomo alikuwa nao, na alikusudia kuwaeleza mmoja mmoja, kwa majina yao, ni nani wanaokamua ng'ombe wao. Asubuhi hiyo Kolb alimwita pembeni.

"Dada yangu, leo kiti utakalia wewe. Unajua mambo yetu, siku ya mgeni mimi hushuka nikakaa naye."

Arlys alielewa papo hapo. Aliyekalia kiti hupiga kura yake, lakini kwenye mjadala haungi mkono wala hapingi. Kazi yake ni nyundo na kanuni. "Unanifunga mdomo, Burdette."

"Nakupa heshima. Na nakuokoa na nafsi yako, maana huko nje unajiaibisha." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Wade asikutie wasiwasi. Sherifu wenu namfahamu. Nitamwambia asione nyumba ile."

Hapo ndipo damu ilipompanda. Matusi angeyameza, hata ile chupa aliimeza. Lakini mtu huyu alikuwa anatunga sheria ya kumfunga mwanawe na wakati huo huo anamuuzia ufunguo.

"Sitaki uhuru wa mwanangu ukae mfukoni mwako," alimwambia.

"Ukikalia kiti vizuri hautahitaji kukaa popote," Kolb alijibu, akampigapiga begani na kwenda zake.

Akakalia kiti. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wakati ule hakuna aliyekuwa akifikiria visima, hata Arlys mwenyewe. Alikuwa amekaa juu pale na hasira yake tu, hana mpango wowote.

Pai zilipangwa kwenye meza ya mbele, za tufaha na za cheri, na mama yake Colby alikuwa roshani ya wageni amevaa koti lake la kanisani. Kolb alikaa ubavuni mwa kijana akicheka kabla hata hakijasemwa cha kuchekesha. Colby alisoma muswada wake kwa sauti ya kutetemeka. Kisha yakaanza maswali. Mmoja aliuliza kama mheshimiwa amewahi kufulia soksi zake mwenyewe. Mwingine akataka kujua ikiwa pai za tufaha zina kibali cha kuingia jimboni. Halafu akasimama Galen Stroud, yule yule wa moyo, akauliza kwa uso mkavu: paka wa jirani yake huja kula kwake kila siku bila karatasi, je, yeye atafungwa miaka mingapi?

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Arlys aliwatazama kutoka juu. Kulikuwa na watu mle waliokula kwa Nohemi, sikukuu ya kuzaliwa kwa mjukuu wa Arlys, wakaomba kuongezewa. Na sasa walikuwa wanacheka kuhusu paka. Aliwachukia, na wala hakujaribu kujizuia.

Aliita kura. Vidole vikashuka kwenye vitufe kwa kelele na miluzi, na ubao ukaanza kuwaka: nyekundu, nyekundu, nyekundu, kutoka juu mpaka chini. Ya Kolb ilikuwa nyekundu. Ya Galen nyekundu. Ya Arlys mwenyewe ilikuwa nyekundu, naye pengine ndiye peke yake aliyeibonyeza bila kucheka. Ya Colby tu ndiyo iliyokuwa kijani, imekaa pweke katikati. Mzee mmoja kwenye roshani alipiga yowe la furaha kwa kuona utani umekolea.

Arlys aliinua macho akautazama ubao ule, na hapo ndipo alipoona kilichokuwa kimelala mbele yake muda wote. Walikuwa wamepiga kura. Utani au si utani, kura ni kura mpaka zibadilishwe, na mwenye kuzifunga ni aliyekalia kiti.

Hakutaka kuiba. Aliegemea kipaza sauti akauliza kama kanuni inavyotaka: "Je, wote wamepiga kura? Yuko anayetaka kubadili kura yake?"

Hakuna aliyegusa kitufe. Colby alikuwa amesimama akijaribu kuanza ombi lake, na Kolb alikuwa anamvuta koti akipaza sauti: "Bado, bado! Apige goti kwanza!" Wenzake wakaidaka, wakawa wanagonga madawati kwa mdundo, goti, goti, goti. Kijana alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anashuka taratibu kuelekea zulia.

"Nauliza tena," alisema Arlys, safari hii polepole. "Yuko anayetaka kubadili kura yake?"

Goti, goti, goti.

"Karani, funga kura."

Karani alikuwa mzee Duane, mtumishi wa bunge wa siku nyingi. Aligeuka akamtazama. Alipoona uso wake, akageukia mashine na kubonyeza. Taa zote zikaganda. Arlys alipiga nyundo mara moja na kutangaza kwamba muswada umeanguka.

Kelele zilikufa kwa vipande, mstari baada ya mstari, kadiri watu walivyokuwa wakibonyeza kijani na kuona ubao haubadiliki. Colby alikuwa bado kapiga goti. Kolb alikuja mbio mpaka chini ya kiti, tai imempinda.

"Ifungue."

"Unaijua kanuni, Burdette. Kura iliyofungwa haifunguliwi mpaka kikao cha siku ya pili." Kolb aliijua vizuri sana, mwaka uliopita alikuwa ameitumia kuwanyamazisha wapinzani, akawaambia kanuni haina machozi. "Na kesho muda wa miswada umekwisha."

"Ule ulikuwa mzaha, mwanamke!"

"Niliuliza mara mbili. Mlikuwa mnacheka."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku hiyo ulitumbuka mbele ya waandishi wa habari, na kila jina likabaki kwenye kumbukumbu za bunge na taa yake nyekundu pembeni.

Sitawaficha yaliyofuata, kwa sababu hayakuwa mazuri. Kabla ya alasiri chama chake kilikutana, kikamvua unaibu spika kwa kura ambazo safari hii hazikuwa na utani. Mama yake Colby alishuka kutoka roshani akampita mlangoni na kumwambia kwamba angalau Orrin alikuwa mtu wa heshima. Mtu alitemea mate kioo cha gari lake. Lakini kilichomchekesha Arlys, kama kilikuwa kicheko, ni simu. Wachungaji, madaktari na wafugaji walianza kuwapigia wabunge wale kuwashukuru kwa ujasiri wao, na jua halijashuka Galen Stroud alikuwa redioni akieleza kwa sauti nzito jinsi alivyokesha akiomba kabla ya kufuata dhamiri yake. Kolb yeye redio ya mjini kwake ilimwita msaliti, kwa kuwa taa yake nayo ilikuwa nyekundu, na hakuna maelezo ya desturi yaliyomsaidia.

Arlys aliendesha gari kaskazini huku theluji nyepesi ikianguka. Alifika Halvor saa ya kukamua jioni. Wade alikuwa zizini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Nohemi alikuwa jikoni akikoroga sufuria ya supu ya mahindi na nyama ya nguruwe, redio ndogo ikinong'ona dirishani. Hakugeuka.

"Nimesikia," alisema. "Wanasema umeshinda."

"Muswada umeanguka."

"Umeanguka kwa sababu walikuwa wanacheka, mama. Hakuna hata mmoja aliyeamka leo akasema, hapana, Wade asifungwe. Mwaka kesho hawatacheka. Na kwenye kiti hutakuwepo."

Arlys alikuwa bado na koti, theluji inamyeyukia mabegani. Njia nzima alikuwa amejiandalia jambo la kusema, kuhusu nyundo, kuhusu sura ya Kolb, na sasa yote hayo yalionekana ya kitoto. Mkwewe alisema kweli. Hakumshawishi mtu yeyote. Aliwakamata tu wakiwa wamefumba macho.

"Ni kweli," alisema. "Na ile ya leseni yako, niliipigia kura bila kucheka."

Nohemi aliacha kukoroga. Alimtazama mama mkwe wake bila huruma na bila haraka. Kisha akafungua kabati, akaviruka vile vyombo vya wageni vilivyochorwa maua, akatoa bakuli la kila siku lililomeguka ukingo, akalijaza supu na kuliweka mezani.

"Kula," alisema. "Mwaka huu kula na mimi bado si kosa."

Arlys akavua koti, akavuta kiti, akala.